Shemeji Mshika Ufito

Mume wa dada yangu haketi kwenye kiti kabla ya kukitikisa. Hata kiti alichokitengeneza mwenyewe, tena jana yake, atakishika mgongo, atakisukuma huku na huku, ndipo aketi, na akishaketi atabaki amekaa nusu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Ukimwekea chai atauliza nani kaipika. Ukimwambia ni mkeo, atauliza sukari katia nani. Siku alipokuja kumposa dada, baba alimwambia, "Tumekubali," naye akauliza, "Mmekubali kweli, au mnataka tu niondoke?" Sisi wadogo tuliojificha nyuma ya pazia tulicheka mpaka tukafukuzwa, lakini dada hakucheka. Alisema mtu anayeuliza mara mbili hawezi kukupoteza kwa uzembe. Maneno hayo nimekaa nayo miaka yote hii, kwa sababu nilikuja kumwona shemeji akizembea, mara moja tu, na uwanja mzima ulikuwepo.

Ni fundi wa milango. Karakana yake iko uchochoroni nyuma ya duka la rangi, chumba kimoja kirefu kilichojaa vumbi la mbao, na mlango wake una kufuli juu, katikati na chini. Anapima fremu, anakwenda kunywa maji, anarudi kupima tena. Mteja akimletea vipimo vilivyoandikwa na mtu mwingine, anavipokea kwa adabu, anavikunja, anavitia mfukoni, halafu anakwenda kupima mwenyewe. Wapo wasioweza kuvumilia tabia hiyo, na mimi nimo, maana mlango wa nyumba yangu ulichelewa kwa sababu alishuku kwamba ukuta umehama.

Kwenye riadha aliingia kwa njia hiyohiyo ya kutoamini. Waliomwita uwanjani walitaka arekebishe milango ya vyumba vya kubadilishia nguo. Akiwa anafungasha vifaa vyake akawaona vijana wanaruka juu. Wanakuja mbio kwa kupinda, wanaupa ufito mgongo, wanapita juu yake na kuangukia kwenye godoro. Mwamuzi akataja urefu. Shemeji akaweka sanduku chini na kusema haiwezekani, hakuna binadamu anayepita juu ya mlango bila kuufungua. Akaenda na futi yake ya chuma, bila kukaribishwa na mtu, akapima, akakuta ni kweli, akapima tena. Waamuzi wakacheka badala ya kumfukuza. Mkuu wao, mama mmoja aliyestaafu ualimu ambaye kila mtu anamwita Mwalimu, akamwambia kwamba mtu wa aina hiyo ndiye waliyekuwa wanamtafuta. Akapelekwa kozi, akafaulu, akawa mshika ufito. Baadaye akanivuta na mimi. Nilidhani ni mapenzi ya shemeji kwa shemeji, kumbe upande wa pili wa ufito alitaka mtu ambaye kwao anakujua.

Kazi yenyewe haina makuu. Ufito unalala juu ya nguzo mbili, kila ncha kwenye kibao kidogo. Haukufungwa wala haukubanwa, ukiguswa vibaya unaanguka. Ukianguka, mimi upande wa kushoto na shemeji upande wa kulia tunauinua pamoja na kuurudisha. Wateja wangu wa cherehani wakiniuliza nafanya nini uwanjani, nawaambia naokota vilivyoangushwa na wengine, kama nyumbani tu.

Ila kuna jambo ambalo watazamaji hawalijui. Hakuna ufito ulionyooka kabisa, kila mmoja una upande unaolegea katikati. Kabla ya mashindano Mwalimu huutazama kwa makini, akachagua upande ulionyooka zaidi, akatia doa la wino mweusi kwenye ncha ya kulia. Kila ufito unaporudishwa, doa hilo lazima litazame juu. Ukiupindua, doa likatazama chini, katikati inabonyea na mrukaji anapunguziwa kazi. Na urefu hupimwa pale ufito unapopandishwa tu. Ukiangushwa na kurudishwa, haupimwi tena, unaaminiwa mkono wa mshika ufito wa kulia. Yaani kazi nzima ya kuaminiwa waliikabidhi kwa mtu asiyeamini hata kivuli chake.

Kisha mashindano makubwa ya dunia yakaletwa kwetu. Mji ukapakwa rangi, mashimo ya barabarani yakafukiwa, na shemeji akaacha kulala vizuri. Alishuku tiketi, alishuku sare tulizopewa, alishuku maji ya chupa kwa sababu vifuniko vilifunguka kirahisi mno. Mimi nilikuwa namcheka tu, mpaka alipokuja Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mgeni aliyetumwa kuwasimamia waamuzi wenyewe, bwana mwenye miwani myeusi na koti jeupe, asiyesalimia. Kazi yake ilikuwa kuzungukazunguka. Siku ya fainali ya wanaume ya kuruka juu alisimama upande wa kulia, karibu kabisa na nguzo ya shemeji, na kila baada ya muda akawa anashika pua.

"Yule mtu umemwona?" shemeji aliniuliza tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha jukwaa.

"Nimemwona. Ana nini?"

"Anagusa pua."

"Labda inamwasha."

"Pua gani inawasha kila Kitambaa akitaka kuruka?"

Kitambaa ndiye tuliyemwita mrukaji mmoja wa kigeni aliyefunga leso kichwani, bingwa wa mashindano yaliyopita. Nikamwambia shemeji aache mambo yake. Lakini nikaanza na mimi kutazama, na kweli, Kitambaa alipojipanga Mkaguzi akashika pua. Ugonjwa wa shemeji unaambukiza. Hata mimi, mtu wa kumwachia jirani ufunguo, nilijikuta nawakodolea macho watu wasio na kosa.

Upande wetu alikuwepo Mlingoti. Ni mtoto wa dobi, mtaa wa pili kutoka kwetu, mrefu kiasi kwamba tangu ujana wake hajaingia kwenye mlango bila kuinama, na kwenye paji la uso ana kovu la siku aliyosahau. Nchi yetu haikuwahi kupata dhahabu ya kuruka juu. Haikuwahi hata kuikaribia. Jioni ile wenzake waliangusha mmoja baada ya mwingine wakafunga virago, mpaka wakabaki wawili tu, yeye na Kitambaa, na uwanja wote ukawa umesimama kwa miguu.

Ufito ukapandishwa kwenye urefu ambao Mlingoti hakuwahi kuuvuka maishani mwake. Mwalimu akapima, akatikisa kichwa kukubali. Kitambaa akauvuka kwa jaribio la kwanza. Mlingoti akauangusha la kwanza. Akauangusha la pili, kwa mgongo, vibaya, ufito ukaruka mbali na kubingirika kwenye nyasi. Sasa lilibaki jaribio moja. Akivuka, dhahabu ingali inagombewa. Akiangusha, imekwenda kwa Kitambaa na hadithi imeisha.

Tukauokota. Nikaipeleka ncha yangu kwenye kibao, shemeji akaipeleka yake. Wakati huohuo Mkaguzi akatoa leso kubwa nyeupe mfukoni, akaikunjua mbele ya uso wake na kuipunga kidogo. Nilimwona shemeji shingo imegeuka, macho yote kwenye leso ile, mikono ikifanya kazi peke yake huku chini. Kisha akarudi nyuma hatua zake, nami nikarudi zangu. Sikufikiria lolote. Nani angefikiria kuukagua mkono wa mtu yule?

Mlingoti akaomba makofi. Akapewa. Akaja kwa zile hatua ndefu za taratibu, akapinda, akapanda. Niliona mgongo wake ukipita, nikaona visigino vikipita, ufito haukucheza hata kidogo. Mwalimu akainua bendera nyeupe. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyangu, na nasema bila haya, nililia.

Nikamtafuta shemeji ili tulie wote. Alikuwa amesimama wima anatazama ncha ya ufito ya upande wake. Akasogea karibu. Akainama, akachungulia kwa chini, kama anavyochungulia bawaba. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Doa lilikuwa linatazama chini.

Upande wangu hauna doa, kwa hiyo mimi sikuliona, lakini sikuhitaji kuliona. Nilimtazama, naye akanitazama, na kati yetu ufito ule uliobonyea. Mwalimu alikuwa anaandika matokeo. Mkaguzi amefunika uso kwa leso. Maelfu ya watu wanarukaruka, na hakuna mwingine duniani aliyejua. Nilijua shemeji anafikiria nini, anashuku kwamba nitamfanyia ishara anyamaze. Na mimi nilikuwa nashuku kwamba hatahitaji ishara. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ufito ungepandishwa kwa urefu unaofuata, angeugeuza wakati huo, doa lingerudi juu, basi. Nilitaka anyamaze. Nilimtaka kwa moyo wangu wote anyamaze.

Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu.

"Mwalimu, ufito umepinduka."

Mwalimu hakuinua kichwa. "Umepinduka vipi?"

"Doa liko chini."

"Nani kaupindua?"

Hapo alikuwa na njia. Angeweza kusema umejipindua ulipoguswa, na hakuna ambaye angebisha. Angeweza hata kuninyooshea kidole mimi.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa natazama kwingine."

Mwalimu akamtazama kwa muda, na nikaona shaka ikiingia usoni pake pia, mama yule aliyemwamini kuliko waamuzi wote. Nadhani alijiuliza nani kampa nini. Kisha akaita kipimo. Mkaguzi naye akasogea, akavua miwani, na macho yake yalikuwa mekundu yanachuruzika machozi, pua imevimba. Kumbe nyasi za uwanja wetu zilikuwa zinamtoa kamasi tangu asubuhi. Shemeji alimtazama bwana yule na leso yake iliyolowa, akafumba macho.

Wakapima katikati. Ufito ulikuwa chini ya urefu uliotangazwa kwa unene wa penseli.

Jaribio likafutwa, Mlingoti akapewa lingine. Ubao mkubwa ulipobadilika, shangwe ikakatika, halafu zikaja zomeazomea ambazo mpaka leo ninazisikia. Waliona fundi mmoja wa kwao ameongea na Mwalimu, akaongea na mgeni wa koti jeupe, na dhahabu ikayeyuka. Wakajumlisha wenyewe. "Kahongwa," wakaanza kuimba upande mmoja wa jukwaa, na upande wa pili ukaitikia.

Mlingoti alikuwa ameketi na taulo mabegani. Mwalimu alipomweleza akauliza swali moja, na Mwalimu akamwonyesha shemeji kwa kidevu. Kijana akamtazama shemeji muda mrefu. Akatupa taulo, akajipanga upya.

Shemeji akauweka ufito kwa mikono yake mwenyewe, doa juu, akaliangalia, akaliangalia tena. Mlingoti akaja. Alipanda vizuri, naapa alipanda kuliko mara ya kwanza, mgongo ukapita, na mwisho kabisa kisigino kimoja kikaugusa. Ufito ukacheza. Ukaendelea kucheza juu ya vibao vyake na watu wote wakiwa wamebana pumzi, kisha ukaanguka upande wangu. Nikauokota. Mlingoti akapata medali ya fedha.

Tulitolewa kwa lango la nyuma, chini ya ulinzi, kama wezi wa kuku.

Dada alikuwa anatungoja nyumbani, redio imezimwa. Hakumpa pole mumewe wala hakumlaumu. Alimwekea maji ya kuoga, na alipotoka akamuuliza, "Ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa namtazama mtu. Nilidhani anafanya hila."

"Alikuwa anafanya?"

"Alikuwa na mafua."

Dada akampokea taulo. "Umewalinda watu wote miaka yote hii," akasema, "wewe mwenyewe ukajiacha bila mlinzi." Shemeji akainamisha kichwa. Ndiyo mara pekee niliyomwona akipokea neno bila kuuliza limetoka wapi.

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Mwalimu alimwambia apumzike uwanjani mpaka kamati ikae, na kamati zetu zinavyokaa unazijua. Mtu aliandika neno baya kwa mkaa kwenye mlango wa karakana. Mteja aliyekuwa ameagiza madirisha akaja kuyachukua yakiwa nusu, akasema atamalizia kwingine. Dada akienda sokoni wauzaji wanakohoa. Na shemeji, ambaye sasa alikuwa na sababu ya kweli ya kushuku watu, akazidi. Akawa anapika chai yake mwenyewe karakanani. Akapachika kioo kidogo ukutani ili aone anayeingia nyuma yake. Nilikasirika. Niliukasirikia mji uliomjua tangu ujana na bado ukaamini kwamba mtu asiyepokea hata chupa ya maji ya bure angepokea hongo. Nilimkasirikia na yeye, na kioo chake.

Siku moja nilikwenda kuchukua meza yangu ya kukatia nguo, ambayo mguu wake ulikuwa umelegea. Shemeji alikuwa anaigonga, macho kwenye kioo, mara nikaona nyundo imesimama hewani. Mtu alikuwa anaingia, na ili aingie ilibidi akunje magoti, akunje mgongo, kisha akunje shingo. Ndani akajinyoosha polepole mpaka nywele zikagusa dari.

"Shikamoo, fundi," akasema Mlingoti.

"Marahaba." Shemeji hakuweka nyundo chini. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Shemeji akazunguka meza, akachungulia uchochoroni kushoto na kulia, akarudi. "Haya. Unataka nini?"

"Mlango. Nimemjengea mama nyumba ndogo. Nimechoka kuinama kila nikienda kumsalimia."

"Mafundi wamejaa mji huu."

"Wamejaa, ndiyo."

"Sasa kwa nini mimi? Nani kakutuma?"

Niliona haya kwa ajili yake. Mlingoti akalishika lile kovu la paji la uso, akatafuta pa kukaa, akakosa kiti cha kumtosha, akabaki amesimama.

"Fundi, kila ninakopita wananiambia nilinyang'anywa," akasema. "Mtaani, redioni, mpaka baba yangu na pasi mkononi. Wanasema niliuvuka ule urefu. Mimi nilikuwa juu kule. Nilipopita niliona nafasi chini ya mgongo wangu, nafasi ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Nikashangilia hivyohivyo, nikasema moyoni, nani atajua. Halafu nikakuona unakwenda kwa Mwalimu." Akajikuna utosi pale ulipogusa dari. "Wote wale wanaonisifu, siku hizi sijui nimwamini nani. Kwa hiyo nataka mlango kwa mtu ambaye akiniambia urefu ni huu, basi ni huu."

Shemeji aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu, na alitafuta muda mrefu kuliko inavyohitajika, mgongo wake ukipanda na kushuka. Nikajishughulisha na mguu wa meza.

Aliporudi alikuwa na futi yake ya chuma. Akavuta kigoda, akakitikisa, akapanda. Akampima kijana kutoka sakafuni mpaka utosini, akasoma, akashuka. Akaenda kwenye mtungi akanywa maji. Akarudi, akakitikisa kigoda tena, akapanda, akapima tena, akasoma, akakunja uso. Kisha akatazama chini, kwenye miguu ya Mlingoti, kwa jicho lile ninalolijua.

"Hivyo viatu," akasema, "soli yake siiamini. Vua."

Mlingoti akacheka, akainama kufungua kamba.